Ndege wa Nyasini na Historia ya Mipango Yetu ya Ardhi

Mtu anapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu hutaja ngoma, mashairi, mavazi, mila za ndoa na sanaa za mikono. Ni mara chache kumsikia akitaja namna watu walivyoigawa nchi yao: wapi palimwe, wapi palishwe, wapi paachwe mpaka mwaka upinduke. Na hali ugawaji huo ni kazi ya akili na mila, tena ni wa kale kuliko nyingi za ngoma tuzichezazo majukwaani. Katika makala haya tumekusudia kueleza historia ya sehemu moja tu ya ugawaji huo, yaani nyanda za nyasi, na ndege waishio humo tutawatumia kama mashahidi. Tumewachagua ndege kwa sababu moja. Mwenye ng'ombe aweza kudai malisho yake mbele ya baraza, na mkulima aweza kudai shamba lake. Ndege hana wa kumsemea, na dalili ya kwamba amenyang'anywa nyumba ni kwamba siku moja haonekani tena.

Tuanze na ramani. Katika miaka ya 1990 tulikuwa tukifanya kazi katika ofisi moja ya serikali huko Nyanda za Juu Kusini. Ukutani palitundikwa ramani ya wilaya iliyopakwa rangi kwa mkono: misitu kijani, mashamba manjano, maji buluu, na makazi yalitiwa vidoto vyekundu. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa nyeupe, na pembeni, mahali pa maelezo ya rangi, paliandikwa kwamba nyeupe ni ardhi isiyotumika. Sehemu ile nyeupe ndiyo ilikuwa uwanda wa nyasi. Sisi wenyewe tulipita humo kwa miguu mara nyingi, tukakuta ng'ombe wakilishwa, wanawake wakikata nyasi za kuezekea, wazee wakichimba dawa, na watoto wakitega kware. Lakini tuliporudi ofisini na kuketi kuandika taarifa, tuliyanakili maneno yale yale: ardhi isiyotumika. Hatukuona kosa lolote.

Tukiichunguza lugha yetu tutaona kwamba kosa hilo lina mizizi. Kiswahili hakikosi majina ya nyanda za nyasi: mbuga, nyika, uwanda, malisho. Neno mbuga hapo awali lilikuwa na maana ya uwanda wa nyasi, hasa ule wa udongo mweusi unaotuamisha maji wakati wa masika. Leo watu wengi hulitumia kwa hifadhi yoyote ya wanyama, hata ikiwa ni msitu mnene. Nyika nayo imebebeshwa maana ya mahali pakavu pasipo watu. Hata katika methali isemayo kuwa fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi, nyasi zimo kama majeruhi tu, hazina kazi nyingine. Nasi tulio washairi hatuna budi kukiri sehemu yetu ya lawama. Tumemwimba njiwa, tumemwimba kasuku, tumemwimba hata tausi, ambaye si ndege wa nchi hii, lakini ndege wa nyasini tumewaacha bila ubeti. Ndege wa nyasi anayejulikana vyema maofisini ni kwelea kwelea, na anajulikana kwa sababu anakula mtama na mpunga.

Mahali panapoitwa patupu hutafutiwa kitu cha kupajaza. Ndivyo ilivyokuwa katika Nyanda za Juu Kusini. Huko Njombe, kuanzia mwaka 1949, kampuni iliyoanzishwa chini ya serikali ya kikoloni ilipanda miwati katika eneo kubwa ili kupata magome yatoayo dawa ya kulainishia ngozi. Huko Sao Hill, wilayani Mufindi, majaribio ya kupanda misonobari yalianza mwishoni mwa miaka ya 1930. Baada ya Uhuru shamba lile likapanuliwa sana, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, hata likawa shamba la miti kubwa kuliko yote nchini, na mwaka 1985 kiwanda cha karatasi kikaanza kazi Mgololo. Hatusemi kwamba miti hiyo ilipandwa kwa ubaya. Nchi ilihitaji mbao, nguzo za umeme na karatasi za madaftari, na vijana wengi wa huko wamesomeshwa kwa fedha za mbao. Tunalosema ni kwamba mpango ule ulitengenezwa na watu walioamini kuwa wanaongeza kitu bila kupunguza kitu. Palipopandwa misonobari palikuwa na nyasi, na nyasi hizo hazikuwa mabaki ya msitu uliokatwa jana. Wataalamu wa siku hizi wanaeleza kwamba sehemu kubwa ya nyanda za nyasi za milima ya Afrika ni za kale sana, zimezoea moto, baridi na kwato, na zina mimea na ndege wake wasioweza kuhamia kivulini.

Mashahidi wetu wawili wa kwanza wanatoka huko huko. Wa kwanza ni kindege cha rangi ya udongo, kidogo kuliko shomoro, ambacho mwaka 1933 kilipewa jina la kitaalamu Cisticola njombe. Kwa hiyo jina la mji wa Njombe limo katika vitabu vya ndege vya dunia nzima, na pengine wenyeji wengi wa mji huo hawajapata habari. Kindege hicho huishi katika nyasi za Nyanda za Juu Kusini na katika uwanda wa Nyika, kaskazini mwa Malawi, na kwingine hakijulikani.

Shahidi wa pili ni mbayuwayu wa buluu. Ni ndege mwembamba, mwenye rangi ya buluu iliyokoza na kung'aa kama chuma kilichotoka kusuguliwa, na mkia wa dume una nyuzi mbili ndefu. Huja milimani kuzaa mwezi Septemba au Oktoba, mvua zinapokaribia, na huondoka ifikapo Aprili. Hajengi chini ya mapaa ya nyumba kama mbayuwayu wengine tuwajuao. Yeye hutafuta shimo ardhini, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga, akashuka humo na kugandisha kikombe cha udongo na nyasi kwenye dari la shimo. Chakula chake ni wadudu warukao juu ya nyasi na juu ya vinamasi vya mabondeni. Basi hebu msomaji apige hesabu ya mahitaji ya ndege huyu mmoja: nyasi zilizo wazi pasipo miti mirefu, kinamasi kisichokaushwa, mchwa na siafu wa kumlisha muhanga, na muhanga mwenyewe wa kuchimba shimo. Ukipanda msonobari juu ya kilima hukumwua mbayuwayu hata mmoja, lakini umeivunja nyumba yake kuanzia msingi. Katika Afrika Kusini mashamba ya misonobari na mikaratusi yamefuta makao yake mengi, na leo amehesabiwa duniani miongoni mwa ndege walio hatarini.

Sasa tuutazame uwanda wa Kitulo, kwa kuwa hapo ndipo historia hii ilipogeuka. Kitulo iko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, katikati ya milima ya Uporoto, Kipengere na Livingstone. Mwaka 1877 balozi mdogo wa Uingereza katika Msumbiji, James Frederic Elton, alipita huko akielekea kaskazini. Alifariki dunia safarini mwezi Desemba mwaka huo huo, na Wazungu wakauita uwanda huo kwa jina lake. Wenyeji wana jina lao, Bustani ya Mungu, na mtu aliyefika huko wakati wa mvua hahitaji maelezo. Zaidi ya aina 350 za mimea zimeorodheshwa, na kati ya hizo okidi za ardhini peke yake ni aina 45. Humo hutembea tandawala, ndege mkubwa mwenye miguu mirefu ambaye huruka kwa nadra na kwa uvivu. Humo huzaa mbayuwayu wa buluu. Na humo hutoka mito iingiayo uwanda wa Usangu na kuulisha Ruaha Mkuu, ambao maji yake huendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Uwanda huu nao ulihesabiwa kuwa mtupu. Kwa miongo mingi umelimwa pareto na viazi, umelishwa ng'ombe wa shamba la serikali, na pembezoni umepandwa misonobari. Hata hivyo tishio lililowaamsha watu lilitoka mahali pasipotazamiwa, yaani jikoni. Nchini Zambia viazi vya okidi hupondwa pamoja na karanga kutengeneza kitoweo kiitwacho chikanda. Okidi za Zambia zilipopungua wachuuzi walivuka mpaka, na utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vya okidi vipatavyo milioni 4 vilikuwa vikitoka Tanzania kila mwaka. Mwaka 2005 Kitulo ilitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 413 hivi. Yafaa wanafunzi waelewe uzito wa jambo hilo. Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, na hifadhi nyingi zilizofuata, zilichaguliwa kwa ajili ya tembo, simba, nyumbu na faru; ndege walipata ulinzi kwa kuwa walikuwa jirani za wakubwa. Kitulo haina makundi makubwa ya wanyama. Ni hifadhi iliyowekwa hasa kwa ajili ya mimea, jambo ambalo lilikuwa geni katika Afrika ya tropiki. Kwa mara ya kwanza serikali ilitamka kisheria kwamba nyasi na maua yake ni mali ya kutosha.

Lakini hifadhi moja, hata ikilindwa kwa bunduki mchana na usiku, haimtoshi mbayuwayu. Mwezi Aprili huondoka. Huruka kwenda kaskazini hadi nyanda za nyasi zilizo kandokando ya Ziwa Victoria na maeneo jirani, akakaa huko mpaka Septemba. Nchini Uganda huonekana Sango Bay, ng'ambo ya mpaka karibu na msitu wetu wa Minziro mkoani Kagera. Nchini Kenya huonekana Ruma, katika bonde la Lambwe, hifadhi yenye kilomita za mraba 120 ambayo kwa muda mrefu mbung'o waliilinda kuliko askari yeyote. Ruma ilitengwa mwaka 1966 kwa ajili ya mnyama aitwaye korongo, jamii ya swala wakubwa, ambaye msomaji asimchanganye na ndege wa jina hilo. Mbayuwayu alifaidika bila kutajwa. Nje ya hifadhi hizo nyasi za ukanda wa ziwa zinapungua mbele ya miwa, misonobari na mashamba ya chakula. Kwa hiyo Makete yaweza kufanya kila iliyoagizwa, na bado ndege wake wasirudi.

Hiyo ndiyo sababu iliyowafanya wataalamu wa nchi anamozaa na nchi anamopumzika wakutane Afrika Kusini mwaka 2002 na kuandika mpango mmoja wa kimataifa wa kumhifadhi mbayuwayu wa buluu. Mkataba wa Bonn wa mwaka 1979, unaohusu wanyama wahamao, nao umemtaja. Mambo haya huonekana makubwa yakisomwa mjini. Kijijini hugeuka kuwa swali dogo: nani ataambiwa asilime, na atapewa nini badala yake?

Hapa tunataka kumleta shahidi wa tatu, kwa kuwa yeye anawasuta wale wanaodhani kwamba jibu ni kuwafukuza watu na mifugo. Katika uwanda mkavu ulio kati ya Kilimanjaro, Meru na Longido anaishi kipozamataza mmoja wa aina ya pekee, ambaye wataalamu walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1966 na kumwita Chersomanes beesleyi. Idadi yake ni ndogo mno, na nje ya Tanzania kaskazini hayupo. Ndege huyu hutembea kwa miguu akichakura katika nyasi fupi, fupi kabisa. Ni nani anayezifanya nyasi ziwe fupi hivyo? Ni wanyama wa porini pamoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo wa Wamasai. Ukiweka uzio na kuondoa mifugo, nyasi zitarefuka, na kipozamataza atakosa pa kutembea. Ukilima mahindi, hali kadhalika. Kumbe wafugaji, pasipo kuandikiwa waraka na mtu yeyote, wamekuwa walinzi wa ndege huyu kwa vizazi vingi.

Wala si Wamasai peke yao waliokuwa na elimu hiyo. Wasukuma wana desturi iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya nyasi hufungwa. Mifugo haiingii humo mpaka kiangazi, nyasi za kwingine zinapokwisha. Hapo ngitili hufunguliwa kwa utaratibu, kwanza kwa ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wenye maziwa. Yapo ya kaya na yapo ya kijiji, na mvunja sheria alishtakiwa katika baraza la jadi. Huo ni mpango wa matumizi ya ardhi kamili: una mipaka, una majira, una walengwa, una adhabu. Haukuwa na karatasi tu.

Mpango huo ulivunjika vipi? Kwanza, tangu miaka ya 1920, vichaka na miti ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kisha likaja zao la pamba, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu walihamia vijiji vipya, mbali na ngitili za baba zao. Ngitili isiyo na mwenyewe karibu hufunguka yenyewe. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea Shinyanga na kusikitishwa na hali ya nchi, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mradi haukuanza kwa kuleta jambo geni, uliwauliza wazee. Baada ya miaka kumi na mitano ngitili katika vijiji 833 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Miti ilirudi pamoja na nyasi, na ndege ambao vijana wa huko walikuwa wakiwasikia katika hadithi tu walirudi pia. Kwa kazi hiyo mradi ulipewa tuzo ya kimataifa mwaka 2002. Sisi tunaiona tuzo hiyo kuwa ni ya wazee wa Kisukuma, ingawa hawakuwepo kuipokea.

Isije ikafikiriwa kwamba mila hutatua kila jambo. Jirani zetu wa Kenya wana uwanda wa Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua, wenye nyasi za mashungi na ndege wa kidari cha manjano aitwaye kwa jina la kitaalamu Macronyx sharpei, asiyepatikana nje ya Kenya. Hapo palikuwa malisho ya Wamasai. Waliondolewa katika nyanda hizo za juu kufuatia mkataba wa mwaka 1904, na masetla wakaweka kondoo na ng'ombe wao; nyasi zikabaki. Kuanzia mwaka 1962, chini ya mpango wa ekari milioni moja, mashamba makubwa yaligawiwa wananchi wasio na ardhi. Wakapanda viazi, kabichi na mahindi. Nani atathubutu kuwalaumu? Walikuwa wakirudishiwa haki iliyopiganiwa kwa damu. Lakini kila ekari iliyolimwa ilikuwa nyumba ya ndege yule, maana yeye hawezi kuishi katika ardhi iliyotifuliwa. Shirika la uhifadhi la Kenya limenunua vipande vichache vya ardhi, na vikundi vya wenyeji vimeanza kusokota sufu ya kondoo ili nyasi ziwe na faida kwa mwenye shamba. Ni juhudi za kusifiwa, ila ukubwa wake ukilinganishwa na uwanda wenyewe ni kama kibaba mbele ya ghala. Tumeutaja mfano huu kwa makusudi, kwa sababu huko haki ya mtu na uhai wa ndege vimekutana uso kwa uso, na sisi hatuna jibu jepesi.

Katika nchi yetu sheria imetoa nafasi ambayo Kinangop haina. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi iliundwa mwaka 1984. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imekipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake. Na Sheria Na. 6 ya mwaka 2007 imeeleza jinsi ya kuandaa mpango. Upungufu wake ni kwamba mpango wa kijiji huishia kwenye mpaka wa kijiji, na uwanda wa nyasi hauishii hapo. Wafugaji wa Kiteto waliliona jambo hilo mapema. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilipanga malisho yao kwa pamoja, vikaunganisha majina yao kuwa OLENGAPA, na kupata hati ya malisho ya pamoja. Walifanya hivyo kwa ajili ya ng'ombe. Hata hivyo njia waliyoitumia, ya vijiji kadhaa kukubaliana juu ya uwanda mmoja, ndiyo njia ambayo ndege wa nyasini anaihitaji, iwe kati ya vijiji, wilaya au nchi.

Majuzi tulipita tena katika ofisi ile ya zamani. Ramani ya mkono imeondolewa, na sasa kazi hufanywa kwa kompyuta. Kijana mchora ramani alitusalimu shikamoo, akatufungulia wilaya nzima kwenye kioo. Nyasi zimepewa rangi ya kahawia hafifu, na maelezo yanasema malisho. Kandokando yake vipande vya kijani vya misonobari vimeongezeka, vingi vikiwa vya watu binafsi wanaotegemea miti hiyo kulipia ada za watoto. Tulimwuliza kama kuna alama ya mashimo ya muhanga wanamozaa mbayuwayu. Akasema hana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumletea. Akachukua kalamu akatuambia, "Mzee, nitajie vilima."

Tulimtajia vitatu. Cha nne hatukukumbuka jina lake, na tumemwandikia rafiki yetu mmoja mchungaji wa ng'ombe atuulizie.